Daftari la Kuanguka kwa Mama

Mzee Ambrose Mwandawiro hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Hakuwa na mke, kwa kuwa Margaret wake alikuwa kaburini mwaka wa saba sasa. Hakuwa na magego upande wa kushoto, hakuwa na gari, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na ndugu wa tumbo moja wa kupokezana naye zamu ya kumwangalia mama yao. Hakuwa na subira, ingawa hilo angelikataa hata mbele ya hakimu. Na hakuwa na mazoea ya kusema samahani. Katika miaka sabini aliyoishi duniani neno hilo lilikuwa limemtoka mara mbili, na moja kati ya hizo ni siku alipomkanyaga askofu.

Alichokuwa nacho ni nyumba ya mawe ya vyumba vitatu mtaa wa Birikani, mjini Voi, aliyoijenga kwa kiinua mgongo cha reli. Alikuwa na mwandiko mzuri. Na alikuwa na mama yake, Wakio, mwenye miaka themanini na minane, ambaye siku hizi aliuliza kila asubuhi kama mahindi yamepaliliwa, na kila jioni kama mumewe amerudi, na mumewe alikuwa amekufa tangu mwaka wa themanini na tatu.

Huo mwandiko aliupata kwa jasho. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, mchana anainua vyuma vya reli na genge lake, jioni anakwenda darasa la ngumbaru na taa ya mkono, kukaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga ubao. Mwalimu wao, Vincent, alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, lakini alikuwa na sheria moja ambayo Ambrose aliibeba maishani. "Andikeni sentensi nzima," alikuwa akiwaambia. "Mtu anayeandika neno moja moja anawanyima wenzake habari." Tangu hapo Ambrose hakuandika tena neno lisilo na mwenzake. Hata akienda dukani, karatasi yake ilisema: *Ninahitaji kununua chumvi. Pia ninahitaji kununua kiberiti.* Wenye duka walicheka. Yeye hakujali.

Alimshusha mama yake kutoka Mgange, huko milimani, baada ya Krismasi. Njia za kule ni za kupanda na kushuka, udongo unateleza chini ya miguu kama sabuni, na majirani walikuwa wamemkuta mama mara mbili kwenye shamba la mtu mwingine akipalilia mahindi yasiyokuwa yake. "Voi ni tambarare," Ambrose aliwaambia wote waliouliza. "Hapa hata ukitaka kuanguka, itabidi utafute pa kuangukia."

Mama, ambaye hakuna aliyewahi kusikia ameanguka Mgange, akaanza kuanguka Voi.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumatano kabla ya Pasaka. Mara ya pili wiki mbili baadaye. Kwenye kituo cha afya walimkuta mganga kijana, mwanamke aliyeitwa Abby, ambaye watu wote walimwita daktari naye hakuwazuia. Alimpima mama shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Akatazama macho yake na miguu yake, akauliza anakunywa dawa gani. Hakuona sababu kubwa.

"Mzee, unajua kuandika?" aliuliza.

Ambrose alijinyoosha kitini. "Najua."

"Basi tafuta daftari. Kila akianguka, andika siku na saa, andika pahali, andika kilichotokea, na andika nani alikuwa karibu. Safu nne. Akili yake haiwezi kutuambia, kwa hiyo daftari ndilo litakalotuambia."

Ambrose alirudi nyumbani na daftari la kurasa tisini na sita, akapiga mistari kwa rula, akajaza kwanza zile mara mbili zilizopita kama alivyozikumbuka. Ile safu ya nne ndiyo iliyompendeza zaidi, maana nyumbani kulikuwa na mtu mmoja aliyelipwa kukaa karibu na mama, na mtu huyo alikuwa Loise.

Loise alitoka Miasenyi, huko kwenye barabara kuu ya Mombasa, ambako dada yake alikuwa na kibanda cha kuuzia wasafiri chai na mahindi ya kuchoma. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye kuimba. Aliingia nyumbani akiimba, alitoka akiimba, na kila alipoingia sebuleni alipitia mlango wa jikoni na kukaa kwanza mkekani, chini ya kiti cha mama, kabla ya kusema neno. Kisha alimpa ungo wa pojo achambue. Mama alichambua pojo saa nzima, akitupa mawe na akitupa pojo pia, naye Loise aliziokota na kuzirudisha kwenye ungo bila kusema kitu.

Ambrose aliona huo ni uvivu wa kukaa chini. Yeye mwenyewe alikuwa na adabu ya kuingia nyumbani, aliyoipata kwa baba yake: mwanamume haingii ndani kama mwizi. Alisimama mlangoni, akapangusa viatu, akakohoa mara mbili fupi na mara moja ndefu, ndipo akaingia. Alikuwa amefanya hivyo tangu alipooa.

Baada ya mama kuanguka mara ya tatu, binamu yake Gibson alipita kumwona mama. Gibson alikuwa mwana wa kaka yake mama, naye alifanya biashara ya kabichi: mara mbili kwa wiki alishuka na pikapu kutoka milimani, akapita Voi na kuendelea hadi Mombasa. Alikaa barazani, akanywa chai, akamtazama shangazi yake aliyekuwa na uvimbe kwenye kiwiko.

"Binamu," alisema, "hii nyumba yako ina hasira."

"Nyumba ya mawe itakuwaje na hasira? Ina saruji."

"Kuna mtu hapa ana hasira hajaitema. Sisi kule juu tungekaa chini, kila mtu akanywa maji kidogo, akayapuliza nje, akasema moyo wangu ni mweupe. Tungetasa, na jambo lingeisha."

"Gibson, mimi nimesoma."

"Umesoma usiku," Gibson alisema. "Labda hapo kwenye hasira taa ilizimika."

"Kunywa chai yako uende ukauze kabichi."

"Nakunywa. Ina sukari kidogo kama mwenyewe." Akamgeukia mama. "Shangazi, mwanao ananifukuza."

"Mpe kimanga ale," mama alisema, akimtazama Gibson kwa upole. "Mtoto wa watu ametoka mbali."

Mara ya nne ndiyo iliyoleta maneno. Ilikuwa Jumapili adhuhuri. Ambrose alirudi kutoka kikao cha kamati ya kanisa, akapangusa viatu mlangoni, akakohoa, na kabla hajashika kitasa alisikia kishindo. Alimkuta mama sakafuni, kati ya kiti chake na mtungi wa maji, damu ikimtiririka juu ya jicho. Loise alitokea jikoni mbio, mikono imejaa unga.

"Ulikuwa wapi?" Ambrose alinguruma. "Nakuuliza, ulikuwa wapi?"

"Napika, mzee. Nimemwacha sasa hivi ametulia."

"Ametulia! Huku ndiko kutulia?"

Mama, pale sakafuni, alijikunja na kufunika kichwa kwa mikono. Loise alipiga magoti, akamfunika kwa mwili wake, akaanza kuimba polepole. Kituoni mama alishonwa nyuzi tatu.

Kesho yake asubuhi Ambrose alikaa mezani, akaandika barua yenye vifungu vinne, akatia sahihi na tarehe, na Loise alipofika akamkabidhi. Loise aliisoma akiwa amesimama, midomo ikifuata maneno.

"Mzee, hapa umeandika *uzembe*. Nani mzembe?"

"Mama yangu ana nyuzi tatu usoni."

"Nimeziona. Mimi ndiye niliyemshika mkono akishonwa." Aliikunja ile barua mara mbili. "Nyanya haanguki tukiwa sisi wawili. Jiulize."

"Una maana gani?"

"Sina maana. Mimi ni mtu wa kuosha na kupika, wewe ndiye mwenye daftari." Alikwenda chumbani, akamuaga mama kwa kumshika mashavu, akatoka na mkoba wake. Langoni aligeuka. "Umenifukuza kwa maandishi, mzee. Haya. Siku ukijua ukweli, usinipigie simu. Uniite kwa maandishi. Hapo hapo ulipolichafulia jina langu, ndipo utakapolisafishia."

Ambrose alifunga lango. Alijisikia mtu aliyetimiza wajibu wake, na hisia hiyo ilidumu kama siku mbili.

Siku ya tatu mama alianguka mara ya tano. Wiki iliyofuata akaanguka mara ya sita, kwa ubavu, na hakuweza kukanyaga. Kituoni walimpiga picha. Abby aliishika ile picha dirishani kwa muda mrefu.

"Haujavunjika," alisema. "Lakini tazama hapa kwenye nyonga. Mfupa umekuwa kama mkate mkavu. Mzee, nitakuambia bila kuzunguka. Ya saba inaweza kuwa ya mwisho. Nyonga ikivunjika hatatembea tena, na asiyetembea katika umri huu hakai sana. Yule mama aliyekuwa anakuja naye yuko wapi?"

"Aliacha kazi," Ambrose alisema.

"Basi huwezi peke yako. Kuna nyumba za kulelea wazee Mombasa. Niletee daftari Ijumaa tuone, na tuamue."

Njia nzima ya kurudi, mama akiwa amelala kiti cha nyuma cha teksi, Ambrose alifikiria nyumba za kulelea wazee. Alimwona mama amekaa kwenye kitanda cha chuma miongoni mwa watu wasiojua Kidawida, akiuliza kama mahindi yamepaliliwa, na hakuna wa kumjibu kwamba ndiyo, yamepaliliwa, yote.

Alhamisi mama aliposinzia baada ya chakula cha mchana, alilitoa daftari. Lilikuwa limeingia doa la chai ukurasa wa kwanza. Hakuweza kumpelekea msomi mwenzake daftari lenye doa. Akachukua jingine jipya, akapiga mistari upya, akaanza kunakili kwa mwandiko wake wa siku kubwa.

Katika safu ya nne hakuwa ameandika neno moja pekee. Mtu mwingine angeandika *Loise*, akaachia hapo, na jambo lingeishia hapo. Lakini sheria ya Mwalimu Vincent ilikuwa sheria. Alinakili:

*Msaidizi alikuwa akifua nguo nje nami nilikuwa nikiingia kutoka sokoni.*

*Msaidizi alikuwa jikoni nami nilikuwa nikiingia kutoka kwa fundi viatu.*

*Msaidizi alikuwa akitandika kitanda nami nilikuwa nikiingia kutoka posta.*

*Msaidizi alikuwa jikoni nami nilikuwa nikiingia kutoka kanisani.*

Alipofika mstari wa tano mkono wake ulipunguza mwendo.

*Msaidizi hayupo tena. Nilikuwa nikiingia kutoka dukani.*

Wa sita hakuunakili. Aliukumbuka. Aliweka kalamu chini, akaisawazisha na ukingo wa daftari, akaisawazisha tena.

Msaidizi alikuwa anafua, msaidizi alikuwa anapika, msaidizi hakuwepo kabisa. Loise alibadilika katika kila mstari. Yeye hakubadilika hata katika mmoja.

Kwanza alitafuta njia ya kutokea, kama mtu yeyote. Labda ni upepo wa mlango. Labda ni mwanga wa nje unaompiga mama machoni. Alinyanyuka, akaenda kumtazama. Mama alikuwa ameamka na amekaa kwenye kiti chake, mtulivu. Ambrose akafanya jambo alilokuwa hajalifanya tangu Loise aondoke: alimwekea ungo wa pojo mapajani. Kisha akavua viatu, akatoka kwa mlango wa jikoni kwa nyayo za paka, akazunguka nyumba, akasimama kando ya dirisha la sebule, penye kamba ya nguo.

Mama alikuwa akichambua. Kidole kimoja kilisukuma pojo, kingine kikarudisha. Midomo yake ilikuwa inacheza kama anayehesabu, au anayeimba. Alikaa hivyo kwa dakika nyingi, hakutikisika, hakujaribu kunyanyuka, wala hakuonekana mtu anayeweza kuanguka.

Ambrose akakohoa. Mara mbili fupi, na mara moja ndefu.

Ungo ulimwagika. Mikono ya mama ilishika viegemeo vya kiti, na uso wake ukawa uso mwingine: uso wa mke kijana aliyechelewa. "Naja, Baba Ambrose," alisema kwa sauti nyembamba ambayo Ambrose alikuwa ameisahau. "Maji haya hapa, naja." Na akasimama kwa haraka ambayo miguu yake haikuwa nayo, akielekea kwenye mtungi.

Ambrose hakujua aliwezaje kuingia. Alijikuta amepita mlangoni pekupeku, pojo zikimchoma nyayo, na mikono yake imemdaka mama chini ya makwapa, na wote wawili wameketi sakafuni taratibu kama watu wanaoshuka majini.

"Mama. Mama, ni mimi."

Mama alimtazama kwa karibu sana. Kisha akaweka kidole mdomoni. "Shh," alisema. "Babako amekuja. Umefagia?"

Baba yake alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge. Watu zaidi ya mia walisimama aliposema simama, na alipotoka kazini jioni hakuona sababu ya nyumba yake kuwa tofauti. Alikohoa mlangoni. Kati ya kikohozi hicho na yeye kuketi, mama alitakiwa awe amesimama, beseni mkono mmoja, maji ya kunawa mkono wa pili. Siku nyingi alikuwa amesimama. Siku chache hakuwahi. Siku hizo chache Ambrose alikuwa chini ya meza na hakuona kitu isipokuwa miguu, miwili yenye buti na miwili isiyo na viatu, na ile isiyo na viatu ndiyo iliyokuwa ikirudi nyuma.

Alikuwa ameapa, akiwa na miaka kumi, kwamba hatakuwa kama mtu yule. Na kwa kweli hakuwahi kumpiga Margaret, hata siku moja; jambo hilo alilijua na alijivunia. Kumbe alikuwa amekichukua kikohozi, akakiita adabu, akakaa nacho zaidi ya miaka arobaini.

Jioni, binti yake Sharon alipopiga simu kutoka Taveta alikoolewa, alimweleza. Alimweleza kwa mzunguko, kama habari ya mtu mwingine.

"Baba," alisema, "hicho kikohozi? Mimi na marehemu Mama tukikisikia tulikuwa tunazima redio."

"Kwa nini? Niliwakataza redio lini?"

"Hukukataza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia saa ngapi, Baba? Ukishaingia sisi tumeshasimama."

Ambrose alihamishia simu sikio la pili. Aliuliza habari za watoto na za migomba.

Ijumaa alimpelekea Abby daftari jipya, pamoja na ule mstari wa sita. Abby aliisoma safu ya nne akishuka na kalamu, mstari kwa mstari, na aliposhuka mara ya pili akainua macho. Ambrose hakumngoja aseme.

"Nimeona," alisema. "Ni mimi. Ninakohoa kama marehemu baba yangu naye anasimama kumpa maji." Ilikuwa sentensi ngumu kuliko zote alizowahi kuzitunga, na haikuwa hata kwenye karatasi.

Abby alifunga daftari kwa mikono miwili. "Watu huniletea karatasi imeandikwa *alianguka*, basi," alisema. "Hili limeandikwa vizuri, mzee. Mombasa tuiache kwanza. Lakini akili yake haitarudi nyuma, na wewe una miaka sabini. Nataka mtu wa pili ndani ya ile nyumba, mtu ambaye mwili wa mama haumwogopi. Unaye?"

"Nilikuwa naye," Ambrose alisema.

Wikendi ile alijifunza kuingia nyumbani kwake. Alipitia jikoni. Aliimba, vibaya, wimbo wa kanisani aliokuwa akiuimba Loise, na alipofika sebuleni aliketi mkekani kwanza, magoti yakilia, chini ya kiti cha mama. Mara ya kwanza mama alimtazama kutoka juu kwa mshangao, akamwekea mkono kichwani kama mtu anayejaribu ukomavu wa boga, akaendelea na pojo zake. Hakusimama.

Lakini kikohozi cha miaka arobaini hakingojei ruhusa. Jumamosi vumbi lilimwingia kooni akiwa kwenye choo cha nje, akakohoa bila kutaka, na alipofika mbio mama alikuwa tayari ameshika viegemeo vya kiti. Hapo ndipo alipompigia Loise simu. Iliita hadi ikakatika. Alipiga tena. Iliita hadi ikakatika. Baada ya muda ukaja ujumbe wa maneno mawili, herufi zote kubwa: NILISEMA MAANDISHI.

Jumatatu alikaa mezani. Barua ya kwanza aliianza *Kuh: Kurejeshwa Kazini kwa Msaidizi wa Nyumbani*, akaweka vifungu vitatu, na alipoisoma aliona kwamba ndani yake hakuna mtu aliyekosa. Makosa yalikuwa *yametokea*, kama mvua. Aliichana. Ya pili ilieleza habari za baba yake kurasa mbili, na mwisho wake ilionekana kana kwamba anayestahili kuombwa radhi ni yeye Ambrose. Aliichana hiyo pia. Ya tatu ilidondokewa na wino. Mama, kwenye kiti chake, alimtazama akichana karatasi.

"Unaandikia serikali?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Naandikia mtu."

"Basi mwambie tu."

Ya nne ilikuwa hivi:

*Loise,*

*Nilikuandikia kwamba mama yangu anaanguka kwa sababu ya uzembe wako. Niliandika uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini wewe ulinionyesha njia ya kujua nami sikutaka kuifuata.*

*Mama anaanguka kwa sababu yangu. Nikikohoa mlangoni anadhani ni baba yangu, anasimama kwa woga. Imeandikwa mara sita kwa mkono wangu mwenyewe kwenye daftari langu.*

*Wewe hukumwacha aanguke hata mara moja. Ile barua ya kwanza ichome, au uniletee niichome mbele yako, na hii uionyeshe kwa yeyote aliyeisikia ile.*

*Ninakuomba radhi. Ninakuomba urudi, lakini hata kama hutarudi, ninakuomba radhi.*

*Sasa ninaingia kwa mlango wa jikoni. Kuimba bado sijui.*

*Ambrose Mwandawiro.*

Jumanne asubuhi pikapu ya Gibson ilisimama langoni, kabichi zimepangwa hadi juu ya kichwa cha dereva. Mama alikuwa barazani akiota jua, kikombe cha maji mkononi, bakuli la uji ulioisha nusu kando yake. Ambrose alitoka na barua ndani ya bahasha ambayo haikuwa imefungwa.

"Unapita Miasenyi?"

"Napita kila safari, hakuna barabara nyingine. Nani wako huko?"

"Loise. Ana dada mwenye kibanda, upande wa kushoto ukishapita matuta. Umpe mkononi mwake. Usimpe mtu mwingine."

Gibson aliitazama bahasha, kisha akamtazama binamu yake usoni, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Umemwomba radhi," alisema.

"Nimemwandikia."

"Umemwomba radhi!" Akageuka. "Shangazi! Shangazi, mwanao ametema hasira. Ametumia kalamu lakini ametema!"

"Punguza sauti, utamshtua."

Lakini mama hakushtuka. Alikuwa akiwatazama wanaume wawili waliosimama mbele yake na kitu kati ya mikono yao, na pengine ni vile walivyosimama, au ni lile neno, au ni maji tu aliyokuwa nayo mkononi. Alinyanyua kikombe, akavuta funda, hakulimeza. Mgongo wake ulinyooka kwenye kiti. Kisha akapuliza, kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitarajia, na maji yakanyunyiza bahasha na mikono ya wote wawili na shati la Gibson.

Akasema, kwa Kidawida cha zamani, bila kukwama hata neno moja, kwamba anayekwenda aende salama na akute watu wakiwa wazima. Kwamba kilichokuwa moyoni kishuke na maji kiende mbali. Kwamba nyumba hii iwe baridi. Ambrose hakuwa amesikia maneno hayo tangu nyanya yake alipokufa. Mama alipomaliza alitazama kikombe, akaonekana kushangaa kwamba kimepungua.

"Mahindi yamepaliliwa?" aliuliza.

"Yamepaliliwa, Mama," Ambrose alisema. "Yote."

Gibson alikuwa akijipangusa uso kwa kofia. "Haya, kaandike nyingine. Nitangoja. Nakujua, wewe na madoa."

Ambrose aliitazama bahasha. Matone yalikuwa yameangukia jina, na wino wa herufi ya kwanza ulikuwa umeanza kukimbia kuelekea pembeni. Alipuliza mara moja ili ikauke kidogo.

"Hapana," alisema. "Itakwenda hivi."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka siku nyingi kwa joto la Voi, haikushika hata alipoilamba. Akachovya kidole kwenye uji wa mama, akapaka ukingo kutoka kona hadi kona, akakunja, akaibana juu ya ukuta wa baraza kwa kiganja chake chote, akahesabu hadi ishirini. Kisha akampa Gibson. Gibson aliichomeka juu, kwenye kibao cha kukinga jua mbele ya usukani, mahali anapoweka leseni, akawasha gari.

Pikapu ilipinda kona kuelekea barabara kuu, jani moja la kabichi likadondoka. Ambrose alibaki langoni na uji kidoleni, akaulamba, akazunguka nyuma ya nyumba hadi mlango wa jikoni.